Hesabu watu kwanza, mizigo nyuma



Juma lililopita mama mmoja wa Panzi alinipigia simu kisha kipindi cha asubuhi. Binti yake anajitayarisha kwenda Ubelgiji kuungana na bwana wake, pamoja na watoto wawili wadogo. Visa imetoka, tiketi imelipwa. Mama huyo hana hofu ya ndege. "Ndege wanakupandisha, wanakushusha," aliniambia. "Mimi naogopa ile metro. Nasikia inapita chini ya udongo, na mlango wake unafunga hata kama hauyamaliza kuingia. Na mtoto wangu iko na mavalisi mingi. We ulishafika kule, dada. Utuambie."

Nilimwahidi kwamba nitajibu kwa maandishi, kusudi na wengine wasome. Sikutaka kumjibu upesi-upesi kwa simu, sababu mlango huo ninaujua. Ulifunga mbele yangu asubuhi moja ya mwaka 2023, na mtoto ambaye si wangu alikuwa upande wa pili wa kioo.

Tulivyosafiri

Mwaka ule nilialikwa Bruxelles kwa mafunzo ya majuma mawili ya waandishi wa redio. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukanyaga Ulaya. Nilivuka mpaka wa Ruzizi, nikapanda basi pale Kamembe, tukapita msitu wa Nyungwe mpaka Kigali. Ndani ya basi ile nilikaa karibu na mama mmoja wa Kadutu na watoto wake watatu: msichana wa miaka 12, kijana wa miaka 9, na kitinda mimba wa miaka 4. Walikuwa wanaenda kwa baba yao. Huyo mdogo alikuwa hajapata kumwona baba yake isipokuwa kwenye simu.

Tulipojua kwamba ndege yetu ni moja, yule mama alinishika mkono. "Basi Mungu ametupatia mtu," alisema. Tangu hapo watoto wakaanza kuniita tantine.

Mizigo yao niliihesabu kwa macho: valisi nne, mifuko miwili mikubwa ile ya mistari, na begi tatu za mgongoni. Mimi nilikuwa na valisi moja na begi ya kazi. Ndani ya mizigo yao mlikuwa unga wa muhogo, sambaza kavu, vitenge, na sufuria nzito ya kusongea bugali pamoja na mwiko wake. Bwana alikuwa amesema kwamba sufuria za kule ni nyepesi, zinaruka juu ya moto. Sikucheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebeba sambaza za watu watatu waliosikia kwamba ninaenda.

Tulitua Bruxelles asubuhi mapema. Yule mama alipata intaneti ya uwanja wa ndege, akampigia bwana wake. Bwana anafanya kazi ya usiku ya kusafisha maofisi katikati ya mji, na alikuwa bado hajatoka. Aliomba aongee na mimi. "Dada, nasikia unaelekea Matonge. Aksanti sana, uniletee jamaa yangu mpaka pale Porte de Namur. Nitakuwa juu, kwenye mlango wa kutokea."

Nilijibu ndiyo, kama mtu anayejua njia. Nilikuwa na karatasi tu niliyotumiwa na walionialika: treni mpaka kituo cha Midi, kisha metro, vituo vinne.

Mji wenye majina mawili

Ninaeleza sasa vitu vidogo ambavyo hakuna mtu alituambia. Kituo cha treni kiko chini ya uwanja wa ndege wenyewe. Unashuka kwa lifti au kwa ngazi za umeme. Ukishanunua tiketi, unapita kwenye milango midogo ya kujifungua yenyewe. Unaonyesha tiketi, mlango unafunguka, unapita mtu mmoja. Mama alipita, mfuko wake ukabaki nyuma, mlango ukafunga. Alikuwa upande wa pili ameshika mpini tu, anavuta. Mfanyakazi mmoja akaja, akatuonyesha mlango mpana wa pembeni, ule wa watu wenye mizigo, wenye vigari vya watoto, na wenye viti vya magurudumu. Tangu siku ile, nikifika kituo chochote, natafuta mlango mpana kwanza.

Kisha kuna mambo ya majina. Bruxelles wanaandika kila kitu kwa lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi. Kituo cha Midi kwa Kiholanzi ni Zuid, maana yake kusini. Porte de Namur ni Naamsepoort. Arts-Loi, ambapo watu wengi wanabadilisha metro, ni Kunst-Wet. Na treni ya kutoka uwanja wa ndege inapita Bruxelles-Nord, kisha Bruxelles-Central, kisha Bruxelles-Midi, zote Bruxelles. Msichana mkubwa ndiye aliyekuwa anasoma vibao dirishani. Akapaza sauti: "Tantine, wameandika Zuid, hapana Midi! Tumepita?" Nusura nikubali kwamba tumepita. Kibao cha pili kikatuokoa.

Tukashuka Midi. Ninyi mnajua soko ya Kadutu siku ya jumamosi. Weka watu wale wote ndani ya nyumba moja, wape kila mmoja valisi yenye magurudumu, waambie kwamba wamechelewa, na uwakataze kusalimiana. Ndiyo Midi. Treni za Paris na za London zinafika pale pale. Hakuna anayekusukuma kwa ubaya, lakini hakuna anayesimama. Na hakuna kijana wa kukubebea. Kwenye bandari yetu unapatana na mbebaji, anaweka mzigo kichwani, unamfuata. Kule kichwa ni chako na mkono ni wako.

Metro yenyewe si kitu cha ajabu ukiielewa. Bruxelles wanayo tangu mwaka 1976, na mistari ni minne: 1, 2, 5 na 6. Kwenda Porte de Namur unakamata mstari wa 2 au wa 6. Shida iko kwenye upande. Mstari wa 2 unazunguka mji karibu kama pete. Mwisho wake mmoja unaitwa Simonis, mwingine Elisabeth, na vituo hivyo viwili viko nyumba moja, kimoja juu ya kingine! Ukimwuliza mtu "metro iko wapi?" atakuonyesha kidole tu. Umwulize "inaelekea wapi?" Kutoka Midi, sisi tulipaswa kutafuta Elisabeth: Porte de Hal, Hôtel des Monnaies, Louise, halafu Porte de Namur. Niliyasema majina hayo kwa sauti, watoto wakarudia kama somo la katekisimu.

Kosa langu

Tulifika pale pa kungojea, ukingoni mwa reli. Metro ilikuwa inaingia.

Nilifanya vile tunafanya siku zote hapa kwetu kwenye bato ya Goma. Mnajua. Bato likikaribia kujaa, unarusha mzigo ndani kwanza ili kukamata nafasi, halafu unapitisha mtoto mmoja mwenye akili akalinde, halafu wewe unapanda na wengine. Mlango ulipofunguka nikasukuma mifuko miwili ya mistari ndani. Nikamwambia yule kijana wa miaka 9: "Ingia, lindia mizigo." Akaingia na begi yake mgongoni. Nikageuka kushika valisi ya mama, ambayo gurudumu lake lilikuwa limevunjika tangu Kigali.

Nikasikia mlio. Nilidhani ni mlio wa treni nyingine.

Mlango ukafunga. Kijana alikuwa ndani, mikono miwili juu ya kioo. Mama alipiga kioo mara moja, kwa kiganja. Metro ikaondoka. Ilikuwa haraka sana, hata sikumaliza kusema "ngoja".

Yule mama akaita jina la mtoto wake, kisha akaendelea kupiga kelele kwa Mashi. Watu wakageuka. Mwanamke mmoja kijana akatukimbiza mpaka kwenye chombo cha kuita msaada kilichoko pale pa kungojea, akabonyeza, akanisukumia mbele. Sauti ya mwanaume ikauliza kwa Kifaransa kuna nini. Nikamweleza. Kwa hilo nawashukuru walimu wangu wa sekondari.

Akauliza: mtoto ana miaka mingapi? Tisa. Anasema lugha gani? Kiswahili, Kifaransa kidogo. Amevaa nini?

Nikanyamaza.

Mizigo ya safari ile nilikuwa nimeihesabu Kigali, nikaihesabu tena tulipotua, nikaihesabu mara ya tatu pale Midi. Ningeweza kusema mfuko upi una mistari ya bluu na upi una mistari nyekundu. Lakini mtoto niliyesafiri naye usiku mzima, aliyelala begani kwangu ndani ya ndege, sikujua amevaa rangi gani. Dada yake ndiye aliyejibu, huku analia: "Jaketi ya kijani. Iko na jaketi ya kijani."

Mtu yule akasema tukamate metro inayofuata na tushuke kituo cha kwanza. Ilikuja baada ya dakika chache. Safari hii hatukurusha kitu. Mama alimbeba mdogo, mimi nikamshika msichana mkono, tukaingia kwanza sisi, tukavuta tulichoweza. Valisi moja ilibaki nje. Yule mwanamke kijana akaisukuma ndani kwa mguu.

Porte de Hal. Mlango ukafunguka. Kijana wetu alikuwa amesimama karibu na ukuta, wima kama askari, begi mgongoni. Kando yake alisimama mama mmoja mzee mwenye kitambaa kichwani, mkono wake juu ya bega la mtoto. Alikuwa amemwona akilia ndani ya metro, akashuka naye, akakataa kumwacha peke yake. Sikujua jina lake. Alitusalimu, akasema neno moja kwa Kiarabu, akakamata metro iliyofuata kwenda kwenye kazi zake.

Mifuko miwili haikuwepo. Ilikuwa imeendelea na safari.

Yule mama hakuuliza juu ya mifuko. Aligusa vichwa vya watoto wake kimoja-kimoja: "Moja. Mbili. Tatu." Akarudia tena. Kisha akamwuliza kijana, kwa ukali kidogo, sababu alikuwa bado anatetemeka: "Na kwa nini ulishuka? Tantine alikuambia ulinde mizigo."

Kijana akajibu: "Mama, ulisema nikipotea nisimame mahali nilipo. Sasa ile kitu ilikuwa inakwenda. Nikashuka ili nisimame."

Mama alikaa chini pale pale, juu ya valisi yenye gurudumu bovu. Alicheka na kulia kwa pamoja.

Juu, kwenye mwanga

Tulipanda ngazi za Porte de Namur tukiwa na valisi tano. Sikuwa nimewahi kufurahia kuona mvua namna ile. Karibu na mlango wa metro kuna uwanja mdogo. Msichana mkubwa, aliyekuwa bado anasoma vibao vyote, akasimama: "Square Patrice Lumumba." Alikuwa na haki ya kushangaa. Uwanja ule umeitwa hivyo tangu tarehe 30 Juni 2018. Hatua chache mbele ni Matonge, kartiye iliyopewa jina la ile ya Kinshasa, yenye maduka ya kusuka nywele, makayabu na ndizi.

Baba yao alikuwa pale, bado na nguo za kazi. Sitaeleza walivyosalimiana, ni mambo yao. Nitasema hili tu: alipotazama mizigo na kuuliza "sufuria iko wapi?" bibi yake alimjibu: "Uulize kwanza watoto wako wapi." Mfuko wenye sufuria ulipatikana siku mbili baadaye kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea. Ule wa vitenge haukuonekana tena.

Usiku ule nilimpigia mama yangu hapa Bukavu nikamwelezea yote. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema: "Sasa umejua."

Alikuwa anasema juu ya mwaka 1996. Mwisho wa mwezi wa kumi, vita vilipoingia Bukavu, nilikuwa na miaka saba. Tulikimbia kwa miguu kwenye njia ya Walungu, pamoja na mji mzima. Mama alikuwa amebeba kichwa cha mashini yake ya kushona, ambacho ndicho kilituletea chakula. Mkono mmoja ulikuwa wa mashini, mkono mmoja ulikuwa wangu. Mahali fulani alinyosha mgongo, akaniachilia kidogo tu ili abadilishe bega. Mimi sikusimama. Hakuna aliyekuwa amenifundisha kusimama. Nilifuata miguu ya watu. Nilifuata kikwembe kilichofanana na chake mpaka mwenyewe alipogeuka na nikaona si yeye. Nililala usiku ule kwenye parokia moja ya njiani, kati ya watoto wengine waliokuwa wanaita mama zao. Kesho yake saa sita mama alinikuta. Mashini hakuwa nayo. Aliiweka kando ya njia ili aweze kukimbia kurudi nyuma kunitafuta.

Kwa miaka mingi niliona haya kwamba kwa sababu yangu tulipoteza mashini. Nilimwambia hivyo mara moja, nilipokuwa nimekua. Akanitazama kama mtu anayesikia ujinga. "Mashini nilinunua ingine," alisema. "Wewe ningekununua wapi?"

Kwa nini ninaandika haya sasa

Katikati ya mwezi wa pili 2025, vita vilipofika tena Bukavu, niliona tena yale ya 1996. Watu walielekea Uvira na Burundi, wengine walitafuta kuvuka Ruzizi, wengine walitafuta bato. Niliona matandiko juu ya vichwa, mabeseni, redio, kuku. Niliona pia watoto wakivutwa kwa mkono wa nguo, si kwa mkono wenyewe, sababu mikono ya wakubwa ilijaa. Wengine wenu mnaosoma hapa mlikuwa kwenye njia ile. Wengine bado mnatafuta mtu.

Na tusisahau bato Merdi, iliyozama tarehe 3 Oktoba 2024 karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikitoka Minova. Ilikuwa imejaa kupita kipimo, watu na mizigo. Sisi sote tuliopanda mabato ya ziwa Kivu tunajua tulivyozoea kupanga: mzigo kwanza, mtu atajua pa kukaa. Mazoea hayo tunayabeba mpaka Ulaya. Mimi niliyabeba mpaka kituo cha Midi.

Basi, mama wa Panzi, haya ndiyo ya kumwambia binti yako. Na ninyi mliobaki hapa, mengi yatawafaa hata kwenye bandari na kwenye njia ya miguu.

Moja: abebe kile anachoweza kupandisha ngazi peke yake, huku mkono mmoja umeshika mtoto. Ajaribu nyumbani. Apande na valisi kilima cha kartiye yenu, na mtoto mkononi. Akishindwa kufika juu, apunguze. Lifti zipo katika vituo vingi, lakini si kila mlango una lifti, na siku nyingine utakuta haifanyi kazi. Nyama na maziwa asisumbuke kubeba, haviruhusiwi kuingia Ulaya. Samaki kavu wanaruhusiwa, mradi wasipite kilo 20 kwa mtu mmoja.

Mbili: asikimbilie metro inayofunga mlango. Metro si bato ya Goma. Hii ikienda, nyingine iko nyuma yake kwa dakika chache, na tiketi haifi. Aache watu wateremke, aache wenye haraka wapande, kisha aingie yeye na watoto kwa mlango mmoja. Wakiwa wakubwa wawili, mmoja aingie mbele, watoto katikati, mwingine awe wa mwisho. Mtoto asitumwe kamwe kulinda mzigo. Na kama ni mfuko unaobaki nje, ubaki.

Tatu: wapatane kabla ya kutoka nyumbani. Aliyebebwa na metro ashuke kituo kinachofuata, asimame karibu na ukuta, asiende popote. Aliyebaki akamate metro inayofuata upande ule ule, ashuke hapo. Aliyebaki akiwa ndiye mtoto, asiondoke pale alipo, mama atarudi. Watoto warudie maneno hayo mpaka wachoke. Hapa kwetu pia, chagueni mahali mtakapokutana mkitengana: kanisa, shule, nyumba ya ndugu. Semeni jina lake, watoto walijue.

Nne: karatasi ndani ya mfuko wa nguo ya mtoto, si ndani ya begi, sababu begi inaweza kupotea. Iandikwe jina lake, jina la mzazi, na namba ya simu ya mtu anayewangojea. Pasipoti na hati nyingine zikae kwenye mwili wa mama. Na asubuhi ya safari ampige kila mtoto picha kwa simu, na nguo zile anazovaa siku hiyo. Wakiuliza "amevaa nini?", atakuwa na jibu. Mimi sikuwa nalo.

Tano: asisome vibao katikati ya njia wala chini ya ngazi, watu watampita juu. Asogee ukutani na watoto wote, asome kwa utulivu namba ya mstari na jina la kituo cha mwisho, kwa lugha zote mbili. Akiweza, aepuke saa za watu kwenda kazini na saa za jioni za kurudi. Asiogope kuuliza. Na kukiwa hatari, namba ya kuita msaada Ulaya ni 112, haiombi pesa.

Wale ambao mmeshatengana na mtoto au na mzazi katika vita hivi, msikae na uchungu huo peke yenu. Msalaba Mwekundu una kazi ya kutafuta jamaa zilizotengana. Nendeni mkawape majina. Na kipindi chetu cha matangazo ya waliopotea bado kiko wazi kwenu, bila kulipa.

Yule kijana wa jaketi ya kijani sasa ana miaka zaidi ya kumi. Mwaka jana alinitumia ujumbe wa sauti kwa simu ya mama yake. Kifaransa chake kimekuwa cha kule, lakini Kiswahili hajakiacha. Aliniambia kwamba sasa anakwenda shule kwa metro peke yake, kila siku, na hajapotea hata mara moja. Halafu akauliza: "Tantine, na wewe, unapoenda Goma na bato, bado unarusha mizigo kwanza?"

Nilimjibu kwamba nimeacha.

Mama wa Panzi, binti yako asafiri salama. Wakifika, anitumie neno moja tu: idadi ya watu. Ya mizigo tutaiuliza siku ingine.

Ni mimi, mwandishi wenu, hapa Bukavu.